Deni la Paa: Hadithi za Ajabu na Msomaji wa Kawaida wa Pwani

Historia ya riwaya ya Kiswahili imekwisha kuandikwa mara kadhaa, na kila mara imeandikwa na wahakiki. Wao ndio waliozigawa zama, wakazipa majina, wakaamua kitabu kipi kimevuka mipaka na kipi kimebakia nyuma. Kuna mtu mmoja ambaye hakuulizwa: yule asomaye kwa kupenda tu, asiye na mtihani wa kufanya wala makala ya kuandika, afunguaye kitabu baada ya sala ya isha na kukifunga usingizi unapomshika. Msomaji huyo hakuacha maandiko. Hata hivyo, rai zake zinaweza kufuatwa nyuma, khasa katika hadithi za ajabu, yaani hadithi za majini, mizimu, wafu wanaorudi na wanyama wanaosema, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa na vipimo vyake mwenyewe, alivyovirithi kabla hajajua kusoma. Hadithi ya mapenzi anaweza kuisamehe makosa mengi. Hadithi ya jini haisamehi, kwani majini anawajua.

Vipimo hivyo ni vya zamani, na kwa bahati njema vilipata kuandikwa mapema. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na ambaye baadaye alifanywa askofu, alichapisha London kitabu cha hadithi alizozichukua vinywani mwa watu wa Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo mna Sultani Majinuni na nunda mla watu, mna punda wa dobi, mna khabari za Liongo, na mna hadithi ndefu ya Sultani Darai, ambayo moyo wake ni paa.

Yafaa kukaa kidogo na paa huyu. Maskini mmoja hana kazi ila kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja aokota thumni, na badala ya kununua chakula anunua paa. Watu wamcheka. Paa yule asema, na si kusema tu: avumbua almasi, aipeleka kwa sultani, amposea bwana wake binti wa sultani, kisha aenda kwenye nyumba ya nyoka mwenye vichwa saba, amwua, na nyumba na mali zote azifanya za maskini yule. Baada ya hayo paa augua. Mkewe bwana, binti wa sultani, amhurumia. Bwana mwenyewe hataki hata kwenda kumtazama, na chakula alichoamuru mgonjwa apewe ni uji wa mtama mwekundu. Paa afa. Haupiti muda, yule bwana aamka asubuhi na kujiona yuko jaani, achakura.

Katika hadithi nzima hapana pahala palipoelezwa jinsi paa alivyopata kusema, na hapana msikilizaji aliyeuliza. Suala la msikilizaji ni jingine kabisa: paa amelipwa nini? Ajabu yote imefungwa na thumni moja na ahadi moja isiyotamkwa, na ahadi ilipovunjwa, majumba na mali na mke vilirudi vilikotoka. Msimulizi hakuhitaji kumhukumu bwana yule kwa neno lolote, kwani jaa lilikuwa likimngoja tangu mwanzo wa hadithi.

Kanuni ya Liongo ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Shujaa huyu hadhuriki kwa silaha, ila kwa kitu kimoja cha shaba kikimwingia kitovuni, na siri hiyo anaitoa kwa mwanawe mwenyewe. Wapenzi wa ushairi wanamjua zaidi kutokana na utenzi alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na hapana aliyeusikia akakisahau kile kitendo cha mwisho, maiti iliyopiga goti kisimani na upinde mkononi, na mji mzima ukishikwa na kiu kwa kuogopa kumkaribia mtu aliyekwisha kufa. Shaba ina nguvu gani hata imwue asiyeuawa? Utenzi haukujishughulisha na hilo. Uliipa ajabu mlango mmoja, ukaweka ufunguo wake mkononi mwa mtoto, na hayo yakatosha.

Basi hiki ndicho kipimo cha msomaji wa kawaida, na kinafaa kushikwa kabla ya kuingia katika vitabu vyenyewe. Ajabu anaikubali bila ya ushahidi. Anachotaka ni kwamba ajabu ile iwe na sheria, na sheria hiyo imshike jini sawasawa na inavyomshika mwanaadamu.

Hadithi hizo za Unguja zilisafiri upesi kuliko wengi wanavyodhani. Andrew Lang, aliyekuwa akikusanya ngano za dunia kwa ajili ya watoto wa Kiingereza katika vitabu vilivyoitwa kwa majina ya rangi, alimtia paa na nunda katika kile cha mwaka 1901, na mwaka 1910 akatia hadithi ya msichana wa mkono mmoja, nayo ni ya Steere. Watoto wa Uingereza walikuwa wakilala na nunda wa Unguja karibu miaka arobaini kabla Elisi hajafika pwani.

Elisi alifika mwaka 1940. Kitabu cha Lewis Carroll kilitafsiriwa na Bibi E. V. St Lo Conan-Davies kwa jina la *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na wachoraji wake walimfanya Elisi msichana wa Kiafrika. Ilikuwa heshima nzuri kwa msomaji, tena ya mapema. Lakini ajabu ya Elisi ni ya namna nyingine. Katika nchi yake sheria zinageuka kila baada ya ukurasa, na kicheko kinatoka hapo hapo, na tena kinatoka katika maneno ya Kiingereza yenye sauti moja na maana mbili. Mchezo wa maneno hauvuki bahari kwa jahazi la kamusi. Mwenye kuzoea deni la paa, anapofika kwenye kesi ya mwisho ambamo hukumu inatakiwa itangulie ushahidi, atacheka kama ameelezwa kuwa hapa pa kuchekwa, au atakaa akingoja kulipwa kwa deni ambalo halikuwekwa. Ida Hadjivayanis alipokifasiri upya kitabu hicho mwaka 2015, kwa jina la *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, alikuwa na kazi ya kumtafutia Alisi vicheko vipya ndani ya Kiswahili chenyewe, na hiyo ni kazi ya kishairi kuliko ya kikamusi.

Kitabu kilichopokewa kama mwana wa nyumbani kilitoka kwengine. Hekaya za Alfu Lela u Lela zilikuwa zikisimuliwa pwani kwa vizazi, kwa waliosoma Kiarabu na kwa waliowasikiliza, na katika zama za Waingereza zilipata tafsiri ya Kiswahili ya Edwin Brenn iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Humo ndimo alimochota Shaaban Robert kwa *Adili na Nduguze*, kilichotoka mwaka 1952.

Waliokisoma kitabu hicho shuleni, nao ni wengi, aghalabu hukikumbuka kwa mafunzo yake. Ni dhulma kwa kitabu, kwa sababu kinachomshika msomaji toka mwanzo ni mjeledi. Adili, liwali wa Janibu chini ya mfalme Rai wa Ughaibu, mtu mwema asiyesemwa kwa ubaya na yeyote, kila usiku huwachapa nyani wawili, kisha huwalisha kwa mkono wake huku akisikitika. Khabari inamfikia mfalme, na siri inatoka: nyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa khiana waliyomtendea, na yeye Adili ameamriwa kuwapiga kila usiku. Mtu mwema amefungwa na sheria ya jini hata dhidi ya huruma yake mwenyewe. Hapana ukurasa katika kitabu hicho uliojaa mawaidha wenye uzito wa picha ile ya mtu anayelia na huku anapiga.

Mwenye kuilinganisha na asili yake ataona mkono wa mtunzi. Katika Alfu Lela, mwenye mkasa ni Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra katika enzi ya Harun al-Rashid, na ndugu zake wamegeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya nyani. Hakueleza kwa nini, lakini sababu haiko mbali kwa mtu wa pwani. Mbwa ndani ya nyumba ya Mwislamu, tena akilishwa kwa mkono, angempeleka msomaji kwenye masuala ya tohara na kumtoa kwenye hadithi. Nyani ana habari nyingine, kwani kila aliyepita chuoni amesikia juu ya watu waliovunja ahadi ya siku ya Sabato wakaambiwa wawe manyani. Kwa kubadilisha mnyama mmoja mtunzi aliihamisha hekaya kutoka Basra akaileta kwenye sheria ambayo wasomaji wake walikuwa wakiijua.

Badiliko la pili ni kubwa zaidi. Katika hekaya ya Kiarabu wale ndugu, baada ya kurudishiwa ubinaadamu wao, humfanyia nduguyao khiana tena, na mwisho wao ni kuuawa. Shaaban Robert aliwaachia toba. Mfalme aliwaombea kwa majini, ugeuzi ukaondolewa, na ndugu wakawa ndugu. Msomaji mkali anaweza kusema kwamba hapo ndipo mwalimu alipomshinda msimulizi, na atakuwa na haki yake: mwisho wa Alfu Lela unatisha na kuaminika, na mwisho wa Janibu unapendeza tu. Lakini hata hapo sheria haikuvunjwa. Msamaha haukuanguka kutoka mbinguni. Uliombwa kwa aliyetoa adhabu, na ni yeye aliyeutoa.

Miaka michache baadaye ajabu ilipata pigo, na pigo lilitoka Zanzibar yenyewe. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Asiyeijua Makunduchi na aambiwe kwamba ni mji wa Mwaka Kogwa, kusini mwa Unguja, ambako mizimu ilipewa heshima zake bila ya kuona haya. Mtoto wa mji huo alisoma, akafanya kazi miaka kumi katika idara ya afya, kisha akawa mwandishi wa magazeti, na mwaka 1958 akashika uhariri wa *Mkulima*. Hadithi yake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya mwaka 1957–58 ya East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960.

Jina la kitabu linaahidi mzimu. Mandhari nayo inaahidi mzimu: maiti ya tajiri, Bwana Ali, yaonekana pahala ambapo watu huweka nadhiri na ubani, na minong'ono yote inaelekea kwa watu wa kale. Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum, anauliza maswali yasiyo na adabu kwa utaratibu wenye adabu nyingi, na mwisho wa kitabu mzimu unabakia mawe na miti, na muuaji anabakia mtu. Kwa mara ya kwanza katika nathari ya Kiswahili iliyosomwa kwa wingi, ajabu iliitwa mahakamani, ikaulizwa, ikashindwa kujibu.

Wahakiki wametaja sana uhusiano wa Bwana Msa na Sherlock Holmes, na uhusiano huo haufichiki. Kilichotajwa kwa uchache ni ule utamu wa pande mbili ambao msomaji wa kawaida aliupata. Nusu ya kwanza ya kitabu alipewa hofu yake yote, kwa Kiswahili cha Unguja kilichojaa mafumbo na mizaha. Nusu ya pili alipewa fakhari ya kuwa mwerevu kuliko hofu hiyo. Mtunzi aliujua utamu huo, kwani mwaka 1968 alitoa kitabu kingine akakiita *Kisima cha Giningi*. Kila mtoto wa visiwani anaijua Giningi, mji wa wachawi usioonekana, ambao watu wa Pemba na wa Unguja hawakubaliani sana juu ya nani mwenye kustahiki fakhari yake. Kuandika jina hilo kwenye jalada ni kumwita msomaji kwa ngoma anayoijua, ili afike akute mkutano wa akili.

Je, Bwana Msa alivunja kipimo cha paa? Kinyume chake, alikitimiza kwa njia ya pembeni. Naye anataka deni lilipwe na kila tendo liwe na sababu yake. Alilobadilisha ni mdai tu: badala ya jini au mzimu, anayedai ni ukweli wa mambo. Ndiyo maana wasomaji waliokulia katika hekaya walihamia kwake bila ya taabu, na wengi wao waliendelea kuogopa kupita mzimuni usiku.

Miaka iliyofuata ipitwe upesi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, riwaya ilitakiwa itazame mashamba, bandari, tabaka na ukombozi, na Zanzibar ilitoa vitabu vilivyoitazama dunia hiyo kwa macho makavu na mazuri: *Kiu* na *Nyota ya Rehema* vya Mohamed Suleiman Mohamed, *Kasri ya Mwinyi Fuad* na *Kuli* vya Adam Shafi. Majini hayakuwa na nafasi katika vitabu hivyo, wala hayakuilalamikia. Yalibakia majumbani, katika ngoma za pungwa na katika hadithi za bibi.

Yaliporudi, yalirudi kupitia mlango ambao msomaji wa kawaida hakuutarajia. Mwaka 1990 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, mshairi aliyekwisha kuzusha ugomvi mkubwa wa vina na mizani kwa diwani yake *Kichomi* ya mwaka 1974, alitoa *Nagona*, na mwaka 1991 akatoa *Mzingile*. Hivi ni vitabu vyembamba ambavyo ndani yake wakati umevunjika, wafu wanazungumza, wenye wazimu ndio wenye hekima, na wanafalsafa wa Ulaya wanajitokeza kama watu wa mjini. Katika mwaka huo huo wa 1990, Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alitoa tamthilia ya *Kivuli Kinaishi*, akaifungua Giningi ambayo Bwana Msa aliifunga: Bi Kirembwe anatawala, na watu wake wanapumbazwa kwa unga hata wasijue wanachokiona. Kenya, Katama Mkangi alitoa *Walenisi* mwaka 1995. William Mkufya alitoa *Ziraili na Zirani* mwaka 1999, akapeleka ugomvi wake hadi mbinguni na motoni. Said Ahmed Mohamed alitoa *Babu Alipofufuka* mwaka 2001, na Kyallo Wadi Wamitila akatoa *Bina-Adamu!* mwaka 2002, kitabu cha msafiri anayezunguka mabara akimtafuta aliyekiharibu kijiji chake, huku akiongozwa na sauti ya mwanamke aitwaye Hanna.

Wahakiki walifurahi. Walilipa jambo hilo jina la uhalisia-mazingaombwe, wakalinasibisha na Gabriel García Márquez na wenzake wa Amerika ya Kilatini. Mnasaba upo, na hapana haja ya kuukataa. Lakini jina hilo lilimtoa msomaji wa kawaida mezani. Aliambiwa kwamba paa anayesema ni mbinu iliyokuja kutoka Kolombia, hali paa huyo alikwisha kupigwa chapa kwa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870.

Vitabu vyenyewe havikufanana mbele ya kipimo chake, na hapa rai ya msomaji wa kawaida inastahiki kusikilizwa hata pale inapokuwa kali. *Babu Alipofufuka* inasimama imara. K, mkubwa wa serikali aliyeshiba katika nchi yenye njaa, anatembelewa na babu yake aliyekufa, na babu anamchukua akamwoneshe. Hapana msomaji wa pwani anayehitaji kufundishwa kwa nini mfu amerudi. Mfu hurudi kwa kuwa anadai. Aliacha nchi, aliacha jina, aliacha wosia, na mjukuu amekula vyote. Ajabu nzima ya kitabu hicho imening'inia kwenye deni hilo moja, na kwa hivyo hata msomaji ambaye hajapata kulisikia neno uhalisia-mazingaombwe anaweza kuisoma kwa hofu inayomstahiki K. *Kivuli Kinaishi* nayo ina sheria iliyo wazi: anayekula unga haoni. Giningi ya bibi zetu nayo ilikuwa na masharti ya chakula.

*Bina-Adamu!* inamchosha msomaji huyo mara kwa mara. Safari ni ndefu, kila kituo kina somo lake, na msafiri hana deni la kibinafsi linalomsukuma kwa nguvu sawa na njaa yake ya kujua. Ni kitabu cha akili kubwa, na pengine ndicho kitabu kilichoona mapema kuliko vingine jinsi dunia itakavyogeuzwa kuwa kijiji ambacho mwenye kijiji hajulikani. Hata hivyo, msomaji wa kitandani hukiweka chini kabla ya msafiri kufika.

Kuhusu *Nagona* na *Mzingile*, malalamiko ni makubwa zaidi, na jawabu lake liko karibu zaidi na wapenzi wa ushairi kuliko na wahakiki wa riwaya. Msomaji anayevichukua vitabu hivyo kama hekaya atatafuta nani amemfanyia nani nini, na atapotea. Anayevichukua kama shairi refu atakuta kila picha ikiitika picha nyingine, kwa kurudiarudia kama kibwagizo, na atakuta sheria imo, imehama tu kutoka katika matendo ikakaa katika mwangwi. Kezilahabi alikuwa mshairi kabla ya kuwa chochote, na katika vitabu hivi viwili aliacha kujisingizia kwamba anaandika kitu kingine. Kosa, kama ni kosa, ni kwamba hakuna aliyemwambia msomaji. Neno riwaya lilibakia kwenye jalada, na msomaji akaingia na vipimo vya riwaya.

Wakati huo huo, nje ya vitabu, hofu yenyewe ilikuwa hai. Mwaka 1995 Pemba na kisha Unguja zilikumbwa na habari za popobawa, na watu, pamoja na waliosoma sana, walilala nje ya nyumba zao kwa makundi, wakikesha na moto. Hapana riwaya iliyoandikwa visiwani iliyoushika usiku ule kama ulivyokuwa. Waliotambua mapema kwamba hapo pana wateja ni watu wa magazeti ya burudani ya Dar es Salaam, waliochapisha hadithi za majini na wachawi kwa mfululizo, na watengenezaji wa filamu za video. *Nsyuka* ya Mussa Banzi, mwaka 2003, ilifungua njia ambayo wengi waliifuata.

Msomaji wa kawaida alikwenda huko, na ingekuwa uchoyo kumlaumu. Alikuta Kiswahili chepesi, alikuta makaburi, alikuta wanawake wazuri wenye kwato. Lakini hata huko kipimo chake hakikumwacha. Katika nyingi ya hadithi za mfululizo jini huweza kila kitu, wiki hii huua kwa kutazama, wiki ijayo hushindwa na mlango, wiki ya tatu hufufuka kwa sababu gazeti linahitaji kuuzwa. Jini asiyefungwa na ahadi hatishi kwa muda mrefu. Ndiyo maana hadithi hizo husomwa kwa pupa na kufungiwa maandazi, na hapana anayezisimulia tena, hali *Adili na Nduguze* husimuliwa hata na wasioweza kutaja mwaka wake wala mchapishaji wake.

Hivyo msomaji amekaa kwa muda mrefu baina ya vitabu ambavyo sheria yao imefichwa mbali mno na hadithi ambazo hazina sheria kabisa. Mwandishi atakayeingia katikati hapo hana upungufu wa malighafi. Ana usiku wa mwaka 1995. Ana Giningi, ambayo haijapata riwaya kubwa ya kuielezea kutoka ndani. Ana maktaba ya tenzi, ambamo majini hupigana bega kwa bega na mashujaa na hushikwa na maneno yao. Na ana lugha iliyokwisha kufanya kazi hiyo mara nyingi kwa vina na mizani, ikingoja kuifanya tena kwa nathari.

Kuna jambo moja katika *Nagona* ambalo wahakiki wamelieleza kwa njia yao, na msomaji wa kawaida anaweza kulieleza kwa yake. Katika kitabu hicho kuna paa. Anawindwa msituni, anaonekana na kutoweka, na wengi wamemfasiri kuwa ni mfano wa ukweli usiokamatika. Inawezekana. Aliyelelewa kwa hadithi za Unguja atamtazama na kuona jambo jepesi zaidi: huyu ni paa asiyetaka tena kununuliwa. Yule wa kwanza alikubali kuuzwa kwa thumni, akasema, akatumika, akaugua, akapewa uji wa mtama mwekundu. Huyu wa pili hakai karibu na mtu. Baina ya kuchapwa kwa paa wa kwanza London na kuchapwa kwa wa pili Dar es Salaam imepita miaka 120.